Mavyaa anakwenda Pemba: nivitoe vitu?

Shangazi, shikamoo.

Mimi ni mkazamwana wa miaka 34, nina watoto watatu. Tunakaa kwenye majumba ya Michenzani, mjini Unguja, ghorofa ya nne, nyumbani kwa mavyaa wangu. Nyumba ina vyumba vitatu, sebule, jiko na roshani. Bavyaa, Mungu amrehemu, alifariki miaka mitatu nyuma. Alikuwa fundi cherehani. Wazee wake walishatangulia. Ameacha mke, watoto wawili wa kiume, mmoja ndiye mume wangu, na watatu wa kike.

Shida yangu ni vitu. Chumba kimoja hakiingiliki. Mna cherehani mbili, ya mkono na ya meza, majora ya vitambaa, nguo za wateja ambazo hazikuchukuliwa, redio mbovu, baiskeli isiyo na magurudumu, magodoro, sanduku la njumu, juu yake sanduku la bati, na juu ya hilo mabegi ya safari. Mvunguni mwa kila kitanda kuna masufuria ya shughuli na masinia. Makopo ya maziwa ya unga na ya biskuti yamepangwa hadi darini. Mengine yana vifungo, mengine karatasi, mengine yana makopo madogo zaidi. Sebuleni kuna friji mbovu na kitanda cha wifi yangu aliyehamia Muscat. Alisema atatuma mtu aje avichukue, sasa mwaka wa tano. Roshani imejaa ndoo na madumu hata nguo hatuna pa kuanika. Mwanangu mkubwa mwakani ana mtihani na anasomea kitandani.

Mavyaa si mtu mbaya, tunasikilizana. Lakini nikimwambia, "Mama, hili kopo tulitupe," hunijibu, "Liache, lina kazi yake." Mume wangu nikimlalamikia husema, "Si vitu vyangu mimi," akavaa makubadhi akaenda zake barazani.

Sasa wiki ijayo mavyaa anakwenda kwao Wete, msimu wa karafuu umeingia, na huko akienda hukaa mwezi au zaidi. Nimeshazungumza na kijana mmoja mwenye gari ya mizigo. Nimetizama video nyingi kwenye simu za kupanga nyumba. Wanasema shika kitu mkononi, kama hakikufurahishi kitoe. Kwa kipimo hicho hapa kwetu watabaki watoto na jiko la gesi. Shoga yangu ananambia mavyaa ana ugonjwa wa kukusanya vitu, kwa hiyo nimsaidie kwa kuvitoa, akirudi atazoea.

Nifanye au nisifanye? Na kama nisifanye, nifanye lipi? Maana nyumba imenikaba.

Mkazamwana, Michenzani

*

Marahaba mwanangu.

Kijana wa gari mpigie umwambie asije. Ukishampigia, endelea kusoma.

Sikukatazi kwa ajili ya heshima tu, ijapokuwa heshima nayo ipo. Nakukataza kwa sababu barua yako nzima umenieleza vitu viko wapi: chumbani, mvunguni, sebuleni, roshani. Ni vya nani, hukusema, ila vya wifi yako na nguo za wateja. Mumeo, kwa lile jawabu lake la kivivu, ameligusa jambo lenyewe. Si vitu vyake. Wala si vyako. Hao wa kwenye video mtu anasimama katikati ya chumba chake, mbele ya nguo zake alizozinunua kwa pesa zake, anaiuliza roho yake. Nyumba zetu hazijai hivyo. Zinajaa urithi ambao haujagaiwa, amana za watu waliosafiri, azima zisizorudi kwa wenyewe, na vya wenye nyumba huja mwisho. Hatuwezi kukiuliza kitu cha mirathi kama kinatufurahisha.

Basi tuvitenge kwa wenyewe kwanza. Kabati na rafu baadaye.

Tuanze na vya bavyaa. Siku aliyofariki, kila alichokimiliki kiliingia kwenye mirathi, toka cherehani mpaka sindano iliyomo ndani yake. Humo hutolewa kwanza gharama za maziko, kisha madeni, kisha wasia kama ameacha, nao usizidi theluthi. Kinachobaki ndicho cha warithi, na mafungu yao yametajwa kwenye Suratun Nisaa, aya ya 11 na ya 12. Mke ambaye mumewe ameacha watoto ana thumni, yaani fungu moja katika manane. Kilichobaki ni cha watoto, wa kiume sawa na wa kike wawili. Na hesabu yenu imekaa vizuri ajabu: gawa mafungu manane. Mavyaa moja, kila wifi yako moja, mumeo mawili na nduguye mawili. Hapo yamekwisha. Wewe mwanangu huna hata moja, na kijana wa gari naye hana.

Watu wengi wakisikia mirathi hufikiria nyumba na shamba. Vitu vidogo vinaachwa chumbani, mlango unafungwa, miaka inapita, mpaka mtu anaviona kama takataka. Halafu anakuja binti wa marehemu na swali moja tu: "Ile redio ya baba iko wapi?" Na akiambiwa mke wa kaka yake aliitoa na gari wakati mama hayupo, hapo tena usitaraji kualikwa shughulini.

Kazi hiyo ni ya mumeo na ndugu zake. Wewe usitangulie mbele. Kazi yako ni kumnyanyua huyo bwana barazani. Akae na nduguye, wampigie na wa Muscat, wakubaliane lini wanavigawa vya baba yao. Kwa vitu vya namna hii familia nyingi humaliza nyumbani kwa kuridhiana: anayetaka kitu anakichukua kwa bei waliyokubaliana na kinakatwa kwenye fungu lake, kisichotakiwa kinauzwa na pesa zinagaiwa. Wakishindwana, Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana ipo, na Mahakama ya Kadhi ipo. Ila kwa baiskeli isiyo na magurudumu sidhani kama mtafika huko.

Ile cherehani ya meza, mwambie mumeo aitizame vizuri kabla haijauzwa. Nyingi za zamani kichwa chake hukunjwa kikaingia ndani, na kifuniko kikirudishwa juu panakuwa sawa, meza kabisa. Akiichukua katika mafungu yake mawili, mtoto atapata pa kusomea.

Sasa angalia usije ukaingiza kila kilichomo chumbani kwenye mali ya bavyaa. Kwa sheria yetu mali ya mke ni ya mke hata akae na mumewe miaka hamsini. Mahari yake, dhahabu yake, vyombo alivyokuja navyo, alivyonunua kwa pesa za upatu, alivyozawadiwa na wanawe, vyote hivyo haviingii kwenye mafungu manane. Ni vyake, na akitaka kuweka makopo mia mbili ni makopo yake. Lile sanduku la njumu sitashangaa likawa lilikuja na yeye siku ya harusi yake. Muulizeni yeye, msikisie.

Na hilo sanduku, mwanangu, nakuomba usilifungue akiwa hayupo. Huyajui yaliyomo. Kanga bila shaka, doti juu ya doti, mbichi, hazijakatwa wala kupindwa. Vijana mkiziona mnasema "havai, za nini zote hizi?" Kanga hizo zina watu wake: mtu kafiwa, mtu kajifungua, mtu anaolewa, bibi anafungua sanduku anatoa doti, hakimbilii Darajani kukopa. Na chini kabisa, kwa wanawake wa umri wake, mara nyingi utakuta kitambaa cheupe kimekunjwa peke yake, pengine na udi na kafuri pembeni. Ni sanda yake. Wengine wameletewa kutoka Makka, imeoshwa kwa maji ya Zamzam. Sasa fikiria umeikuta hiyo wakati unaulizana na roho yako kama inakufurahisha.

Nguo za wateja ni mlango mwengine. Zile si za bavyaa wala si za mavyaa, ni amana, na sura ileile ya Nisaa, aya ya 58, inaamrisha amana zirudishwe kwa wenyewe. Mafundi wengi hubandika kikaratasi chenye jina, au huandika kwenye daftari la vipimo. Litafuteni hilo daftari; pengine limo kwenye mojawapo ya makopo unayotaka kuyatupa. Semeni msikitini, semeni mtaani, wekeni muda. Zikibaki zisizo na mwenyewe, muulizeni sheikh wenu. Wanavyuoni wengi husema mali ambayo mwenyewe hajulikani hutolewa sadaka kwa niaba yake. Lakini muulizeni kwanza, na siku moja akija mwenye kanzu yake msimfukuze.

Wifi yako wa Muscat hana haja ya sheikh. Mpigieni simu, na apige mumeo: "Dada, friji na kitanda chako tumevitunza, sasa sebule haitoshi. Utume mtu kabla ya mwezi fulani, au utupe ruhusa tuviuze tukutumie pesa." Mwezi mutaje kwa jina. Mtu aliyehama akiambiwa "siku moja uje uchukue" husikia "vikae tu". Na hiyo friji mbovu asije mtu akaivunja mabomba ngazini kwa ajili ya shaba, ina gesi ndani. Mwiteni fundi wa mafriji, wao huzinunua kwa vipuri.

Makopo ya karatasi ndiyo yanayonitia khofu zaidi kuliko yote. Kopo la biskuti katika nyumba ya mzee wa Kizanzibari ndilo kabati la serikali. Humo mna vyeti vya kuzaliwa, cheti cha ndoa, kadi za kliniki za watoto ambao sasa wana wajukuu, stakabadhi za karafuu, karatasi za kiwanja. Yapo majumba ambayo hati ya eka tatu, zile zilizotolewa baada ya Mapinduzi ya 1964, inakaa kwenye kopo na hakuna ajuaye. Zipo karatasi zilizoandikwa kwa herufi za Kiarabu ambazo kijana akiziona anadhani ni dua, kumbe ni maandikiano ya shamba. Kila karatasi isomwe na mtu anayeweza kuisoma. Risiti za umeme za miaka kumi iliyopita, hizo haya, zitupwe.

Kuhusu neno la shoga yako. Ugonjwa wa kushindwa kuachana na vitu upo kweli, na Shirika la Afya Duniani limeutenga peke yake kwenye orodha ya magonjwa iliyoanza kutumika 2022. Mwenye nao huumia kutoa hata kitu kisicho na thamani yoyote, vitu vinaziba jiko na choo visitumike, na mwenyewe au walio naye wanataabika. Mavyaa wako kwa ulivyomweleza hayuko huko. Anasema kopo "lina kazi yake", na mimi nadhani kazi anaijua. Kama baada ya msiba alibadilika, akaanza kuokota vitu njiani, halali, hali, hapo mpelekeni kwa daktari. Vinginevyo hilo neno lisitoke mdomoni mwako. Kwetu ukisema mtu ana ugonjwa wa namna hiyo, watu wanasikia Kidongo Chekundu, hospitali ya wagonjwa wa akili, na habari itafika Wete kabla ya boti.

Lakini usidhani nakwambia ukae ukitizama. Yapo yasiyohitaji ruhusa ya mtu, nayo yafanye wiki hii, yeye akiwepo, mchana kweupe.

Roshani ndiyo ya kwanza. Ndoo na makopo yaliyoshika maji ya mvua ndipo anapotaga mbu wa dengi, ambaye hupenda maji safi yaliyotuama na huuma mchana. Mayai yake hugandana na ukuta wa chombo na huweza kukaa makavu kwa miezi, kwa hivyo kumwaga maji hakutoshi. Vipanguse kwa burashi na sabuni, uvipindue kifudifudi. Mwambie mavyaa hivyohivyo nilivyosema. Atakusaidia kusugua, nina hakika. Kisha njia ya mlangoni: mtu awashe taa au asiwashe, usiku wa moto aweze kutoka na mtoto mkononi bila kujikwaa kwenye begi. Kisha dawa zilizopita muda. Kisha vyako. Ndiyo, vyako. Chumba chako na mumeo, nguo za watoto zilizowabana, viatu visivyo na wenzake, na ile mifuko ya plastiki ambayo Zanzibar iliipiga marufuku tangu 2006 na mpaka leo imo mvunguni mwa watu. Mavyaa akikuona unatoa vyako kwanza, maneno yako ya baadaye yatakuwa na uzito mwengine.

Mwezi atakaokuwa Pemba utumie kwa kumalizia hayo na kwa kikao cha ndugu, kwenye kile chumba usiguse. Akirudi na kupumzika, mwekeeni kiti mlangoni mwa chumba, baada ya alasiri, kidogo kila siku. Yeye akae, nyinyi mtoe kimoja kimoja mbele yake. Wifi yako mmoja awepo, khasa mkubwa. Mwanao wa mtihani awe karani, aandike kwenye daftari: kitu gani, cha nani, kinakwenda wapi. Bibi atasimulia. Kila redio ina hadithi yake na kila sinia lina harusi yake. Mwacheni asimulie, maana akishalisema la kitu mbele ya mjukuu, mara nyingi kukitoa kunakuwa rahisi kuliko ulivyodhani. Akisema "hili liache", liacheni, andikeni, endeleeni. Msibishane kopo kwa kopo.

Masufuria ya shughuli msiyatoe katika familia. Yanahama nyumba kila kukiwa na harusi au khitima, basi hakuna sababu ya msingi yalale ghorofa ya nne. Kama kuna jamaa anayekaa nyumba ya chini yenye uwani, mavyaa akiridhia yahamie kwake, yakiwa yametiwa alama ya rangi chini ili yasichanganyike na ya watu. Hata wabebaji watakushukuru.

Vitakavyobaki viwekeni kwa kuijua hali ya hewa yetu. Huu ni wakati mzuri, masika yamepita na upepo wa kusi unakausha. Anikeni magodoro juani. Kanga na majora yawekeni kivulini penye upepo, maana jua kali hula rangi. Nguo msizifunge kwenye nailoni, zinahema jasho zikatoka ukungu. Foronya kuukuu au shuka ya pamba ni bora. Masanduku yaacheni mbali na ukuta kiasi cha mkono kupita na myainue kwa mbao, upepo uzunguke na mende muwaone. Kanda za harusi kama zipo, zitoeni mwanzo kabisa, joto na unyevu huziua. Wapo vijana mjini wanaozihamishia kwenye kompyuta.

Vyuma chakavu vina wanunuzi wake, mtawasikia wakipita chini. Vitambaa vya jora, ndugu wakiridhia, kuna mafundi wanaoanza ambao watavinunua vyote kwa mara moja. Vilivyo takataka kweli, hivyo sasa ndiyo vya gari.

Na kabla hajaondoka, wakati anafunga mabegi, muombe mavyaa akuletee karafuu kavu kiganja kimoja, za kutia kwenye vifuko vya kitambaa mziweke ndani ya masanduku zizuie nondo. Atakuuliza masanduku yepi. Mjibu.